Ghorofa Mbili

Idara yetu pale Rajshahi ina ghorofa mbili.
Chini, jiografia ya maumbile:
ndoo, matope, jiko la kukaushia mchanga,
na Profesa Anwarul asiyevua viatu vya mpira
hata siku ya kutoa matokeo.
Juu, jiografia ya watu:
feni, mafaili, hojaji zilizofungwa kwa uzi mwekundu,
na Daktari Dipali anayekuuliza kabla hujaamkia,
"Nani kasema? Ulimwuliza mwenyewe?"
Kati yao vidato kumi na vinane.
Nilivipanda na kuvishuka mwaka mzima
hadi mlinzi akanibandika jina: Lifti.

Mimi ni binti wa muuza hariri.
Padma niliujua kwa harufu tu,
jioni, juu ya tuta la mji, tukimenya karanga.
Chini nikafunzwa kwamba mto haupindi kwa wazimu:
maji ya nje ya kona huenda mbio, yakala ukingo,
ya ndani hukawia, yakatua mzigo.
Mshale huchorwa upande unaoliwa.
Niliuchora mshale ule kwa rula,
nikapata tisa juu ya kumi,
wala sikujiuliza nani anapika chai pale ncha inapogusa.

Januari maji yalipopungua tukavuka
hadi Chari ya Kolmilota, kisiwa cha mchanga
ambacho ramani ya idara haikijui.
Sumitro alishika tepu, mimi nilishika hojaji.
Jorina Bewa alikuwa anapeta dengu.
Swali la saba: Umehama mara ngapi?
Akacheka, makapi yakaturukia.

"Mimi? Sijahama hata siku moja.
Anayehama ni huyo,"
akaelekeza kidevu kwenye maji,
"mara kumi na moja sasa,
na kila akihama huondoka na nyumba yangu.
Mimi humfuata kumdai."

Visanduku vilikuwa vinne:
sifuri; moja hadi tatu; nne hadi sita; zaidi ya sita.
Sumitro alisema, weka zaidi ya sita.
Nikasema, kasema sifuri.
Tulibishana mpaka mwenye mashua akatupigia mluzi,
na kisanduku kikabaki kitupu,
kitupu hadi leo, kwenye faili lenye uzi mwekundu.

Wiki iliyofuata nilichekecha mchanga wa kisiwa kile.
Kwenye chekecheke la milimita mbili
kikabaki kipande cha bangili, kioo cha kijani.
Si cha Jorina, sitaki kutia chumvi;
hakunitajia bangili, nami sikumwuliza.
"Kitoe," akasema Profesa, "hayo si mashapo."
Nikapanda nacho juu.
"Bila msemaji," akasema Daktari, "hiyo ni takataka nzuri."
Nikakaa nacho kidato cha tisa
mpaka kengele ya mchana.

Bwenini usiku joto hunitoa usingizini.
Nageuza mto nipate upande wa baridi,
nao ule mwingine, ng'ambo ya tuta,
unajigeuza wenyewe.

Mei tukadaiwa ramani ya mwisho.
Nilichora ukingo, mashamba ya dengu, vibanda sita,
kimoja kwa penseli.
Na chini, kwenye ufunguo, nikaandika:
*Ukingo kama ulivyokuwa Jumanne, saa nne asubuhi,
kwa mujibu wa tepu ya mita hamsini
na Jorina Bewa.*

Profesa akakata jina.
Daktari akakata tepu.
Jumanne, wote wawili waliiacha.